Herufi ya Buluu Niliyoificha

Yaya wangu alikuwa akipima shaba. Kwetu Lubumbashi yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na wa kwangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha wageni upande wa Ruashi. Malori yalileta mawe. Yeye aliyasaga, akayatia asidi, akaandika ndani mna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Dereva aliweza kubishana na mlinzi, na mlinzi akabishana na mkubwa wake, lakini karatasi iliyotoka mkononi mwa yaya haikubishaniwa na mtu. Kwa kazi hiyo alilisha nyumba yetu ya Kenya (nasema Kenya mtaa wa hapa mjini, si nchi) tangu baba alipopoteza kazi pamoja na wenzake wengi katika kampuni kubwa ya shaba. Kwa kazi hiyo hiyo alinilipia masomo ya kompyuta.

Sikuyamaliza. Maprofesa waligoma mwaka mzima, na walipomaliza kugoma mimi nilikuwa nimekwisha choka kungoja. Yaya hakunilaumu. Alinitafutia kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisa, muuzaji wa vitenge na betri kwa jumla, ambaye alikuwa amefungua saiba, chumba cha kukodisha internet kwa dakika, ya mashine kumi si mbali na posta. Internet hakuijua kabisa. Maagizo aliyonipa siku ya kwanza yalikuwa haya tu: "Batu baingie, bakae, balipe, baende na furaha." Kisha akarudi kwenye betri zake.

Basi nikawa mfalme wa chumba kimoja.

Nilikaa pale miaka minne nikitazama watu wakiingia kwenye internet, na ninaweza kusema jinsi walivyochagua mlango wa kuingilia. Vitabu huuita mlango huo kivinjari. Sisi tulisema navigateur tukitaka kujionyesha, lakini wateja wengi walisema "internet" tu, kwa sababu kwao ile herufi ya buluu, e ndogo, iliyokaa kwenye kioo cha kila mashine ndiyo ilikuwa internet yenyewe. Mama mmoja aliyeandikiana na mume wake huko Ulaya aliibonyeza herufi hiyo kwa kuwa siku ya kwanza alipopata barua yake ilikuwa ndiyo iliyofunguka. Mwanafunzi wa seminari alitaka kivinjari kingine, chenye picha ya mbweha wa rangi ya moto, kwa kuwa rafiki yake alimtaka mbweha. Wasichana wa Golf, mtaa wa matajiri, ambao kwao kompyuta ilikuwepo hadi jikoni, walitumia chochote kaka zao walichowawekea, halafu wakaja kwetu umeme wao ulipokatika na kucheka mashine zetu. Sikumwona hata mmoja aliyechagua kwa zile sababu nilizokuwa nikizisoma mimi: usalama, kasi, kanuni za ukurasa wa wavuti.

Jambo hilo liliniudhi kuliko inavyostahili. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, sikuwa na shahada, na hiyo ndiyo elimu pekee niliyokuwa nayo ambayo wengine hawakuwa nayo. Asubuhi moja, kabla ya kufungua mlango, nilipita kwenye mashine zote kumi nikaiondoa ile herufi ya buluu kwenye kioo. Haikuwa imefutika, kwa kuwa haifutiki. Niliificha ndani kabisa, mahali ambapo mteja hafiki. Kila mahali nikamwacha mbweha peke yake.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mzee, mstaafu, aliyekuja kila Jumatano na kofia yake ya kijivu kusoma barua za binti yake aliyekwenda Kanada. Alikaa, akatazama kioo, akaniita.

"Mutoto, internet yangu iko wapi?"

"Baba mwalimu, ile ilizeeka. Bonyeza huyu mbweha."

"Mbweha? Mi sikukuya kuwinda. Minataka ile ya buluu."

"Mbweha iko bora. Iko na mbio, na virusi haiingiake bule bule."

"Uliniuliza?"

Mashine zote zilikuwa na watu, na wote walikuwa wamegeuka. Ningeweza kuinama na kumfungulia kitu chake. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Baba, batu ya zamani njo banapendaka bintu ya zamani."

Watu wakacheka. Mzee alivaa kofia yake, akalipia dakika ambazo hakuzitumia, akatoka. Niliambiwa baadaye kuwa amehamia saiba moja ndogo karibu na soko la Kenya, yenye mashine tatu chakavu. Nilisema afadhali.

Kisha bei ya shaba ikaanguka.

Tuliisikia redioni kama habari ya mvua ya nchi nyingine. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kuona anguko moja maishani mwake, alipunguza sauti ya redio akasema, "Inarudia." Katika wiki chache mabomba ya viwanda vya barabara ya Likasi yalikuwa hayatoi moshi. Huko Ruashi wafanyakazi wa kiwanda cha yaya walifika siku ya Jumatatu wakakuta mnyororo langoni na wakubwa wamekwisha panda ndege. Mlinzi aliwaruhusu kuingia wawili wawili wachukue vitu vyao. Yaya alirudi nyumbani saa nne ya asubuhi, saa ambayo sikuwahi kumwona mtaani siku ya kazi, na koti lake jeupe la maabara amelikunja chini ya kwapa.

"Banafunga," alisema, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mji ulibadilika haraka. Nyumba ambazo watu walikuwa wakijijengea Ruashi zilisimama zilipofika madirishani. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama mmoja kwenye kona yetu aliuza viwavi vya kula ndani ya kofia za chuma za migodini, kwa kuwa kofia zilikuwa rahisi kuliko mabakuli. Wanaume wenye ufundi wao walitembea mchana kutwa bila kwenda mahali. Na wengi waliishia kwangu. Walikuja watu ambao hawakuwahi kushika panya ya kompyuta, mafundi wa tanuri, madereva wa mitambo, wakiwa na vyeti vyao ndani ya mifuko ya plastiki, wakiomba niwaandikie barua za kutafuta kazi. Naona haya kusema kwamba miezi ile ilikuwa mizuri kwangu. Kila mtu aliniita chef, yaani mkubwa. Niliwafundisha kubonyeza mbweha, nao walimbonyeza, bila swali, kama mtu anavyofungua mdomo kwa daktari.

Alhamisi moja yaya naye akaja. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kitambaa chake kichwani, kana kwamba mashine ingemwona. Mkubwa wake wa zamani wa maabara, Mzambia, alikuwa amempigia simu: mgodi mmoja upande wa Zambia unatafuta watu watatu wa maabara, wanaojua Kifaransa na Kiswahili, na maombi yanapokelewa kwenye internet tu, mwisho kesho Ijumaa saa sita ya mchana. Yaya alikuwa amempasha habari hiyo hata mwenzake wa kazini, kijana ambaye yaya mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutumia mizani. Ndivyo alivyokuwa.

Nilimweka kwenye mashine ya mwisho, nikavuta kiti, nikafungua ukurasa wa mgodi. Ulitoka umepinda. Maneno yalipanda juu ya maneno mengine, na visanduku vya kujazia vilikuwa vimeteremka nje ya mistari yao.

"Juu ya nini maandiko inapandana?" aliuliza.

"Haina neno. Tujaze."

Tulijaza. Jina, shule, miaka ya kazi, vifaa anavyojua kuvitumia. Aliyataja yote bila kutazama karatasi. Tulipofika pa kuweka diploma, ambayo nilikuwa nimeipiga picha tayari, kitufe hakikuwepo. Niliteremka hadi chini ya ukurasa, na pale chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba ukurasa huu umetengenezwa kwa ile herufi ya buluu, na kwamba kwa nyingine huenda usifanye kazi.

Niliusoma mstari huo. Nataka hilo lieleweke. Sikuupita bila kuuona.

Kuifungua herufi niliyoificha kungenichukua mibonyezo minne. Lakini kwenye mashine ya jirani alikaa mwanafunzi mmoja wa politekniki, na saa moja kabla nilikuwa nimemhubiria kwamba anayetumia bado kile kitu cha buluu, yatakayompata ni haki yake. Nakumbuka kiwiko cha mwanafunzi yule, karibu sana na changu. Nikasema moyoni, hayo ni maandishi tu, kila ukurasa mbovu husema hivyo. Niliruka mahali pa diploma, nikatafuta kwa kubahatisha mahali pa kutuma, nikabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe.

"Inaenda?" yaya aliuliza.

"Inaenda."

"Haisemi kintu?"

"Site za migodi njo vile."

"Aksanti, mudogo wangu," alisema, na akaninyooshea mkono mbele ya watu, kama anavyopewa mkono fundi aliyemaliza kazi yake.

Ijumaa asubuhi sikuwa na amani. Nilifika saiba mapema nikitaka kujaribu tena, lakini umeme haukuwepo, na jenereta ya patron, yule mwenye saiba, ilikuwa imepelekwa kwenye arusi ya mtu wa kanisa lake. Ningeweza kwenda kwenye saiba nyingine. Nilifikiri jinsi ningeonekana nikiingia katika ile ya soko la Kenya, na mwalimu mzee amekaa pale na kofia yake. Nilikaa mlangoni nikangoja umeme. Ulirudi saa nane. Nilifungua ile herufi iliyofichwa, nikaandika anwani ya mgodi, na ukurasa ukatoka umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na kitufe cha diploma mahali pake. Juu yake paliandikwa kwamba maombi yamefungwa.

Sikumwambia.

Jumanne iliyofuata masista wa shule moja ya Kipushi walimtumia yaya ujumbe. Walihitaji mwalimu wa kemia wa wasichana, nyumba ikiwemo. Alikuja kuniuliza mimi, mtu wa karatasi na mashine, afanye nini. Tulikuwa uani, yeye alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Nikisema ndiyo ku masista, na kesho Zambia banaita, nitabaachaka wanafunzi katikati. Haiko muzuri."

Kinywa changu kilikuwa wazi. Nilihisi maneno yapo pale, yote, kwa mpangilio wake.

"Ngoja kidogo," nilisema.

Akangoja. Aliwajibu masista kwa adabu kwamba ana ahadi nyingine, nao wakachukua mtu mwingine. Kwa wiki tatu aliiweka simu yake mbele ya sahani akila, na kila namba asiyoijua ilimfanya anyanyuke na kutoka nje ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa nikila kwenye meza hiyo hiyo.

Jumapili moja mwenzake wa maabara alikuja kutuaga. Alikuwa kijana mwenye heshima. Alileta mfuko wa sukari kwa baba na alikataa kukaa kiti cha yaya. Alikuwa ameitwa Zambia, anaanza mwezi ujao. Yaya alimpongeza kwa kweli, nilimwona, uso wake ulifunguka. Akaweka mezani bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Kijana alinawa, akasema, kwa wema tu:

"Mama, na weye wakati yako iko karibu. Balikutumia barua ya kupokea, sivyo?"

"Barua gani?"

"Ile inakuyaka paleile. Unabonyeza tu, dakika moja, banakuandikia kama banapokea. Mi nilijaza kule ku soko, mu ile saiba kidogo. Balifungua ya buluu, ikapita."

Yaya aligeuza uso kwangu. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anauliza tu, kama anavyoulizwa mwenye kujua.

Na mimi nikaanza kueleza. Sijui kwa nini mtu huwa hivyo. Nilieleza kwamba kosa ni la mgodi, kwamba ukurasa wao umetengenezwa vibaya, kwamba ziko kanuni ambazo dunia nzima imekubaliana na watu wale hawakuzifuata, kwamba mbweha anazifuata na ile ya buluu haizifuati, kwamba katika nchi zilizoendelea jambo hilo lingekuwa aibu kwao. Nilizungumza hadi samaki akapoa. Kila neno lilikuwa la kweli.

"Uko na haki," yaya alisema nilipomaliza. "Kabisa. Na miye njo sina na kazi."

Kisha akauliza, "Ulijua siku gani?"

"Ijumaa ile."

Nilimwona akihesabu siku. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ya masista si mbali. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, akaanza kukusanya sahani ingawa kijana wa watu alikuwa bado anakula. Baba, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuziba, aliuliza kuna nini.

"Ni mambo ya internet, baba," yaya alimjibu.

Jumatatu niliirudisha herufi ya buluu kwenye mashine zote kumi. Hakuna aliyeona. Wale mafundi wa tanuri waliendelea kubonyeza mbweha, kwa sababu kidole changu ndicho kilichowaonyesha, na tangu siku ile hawakuwa na sababu ya kuonyeshwa tena.

Jumatano nilikwenda soko la Kenya kumwomba radhi mwalimu. Nilimkuta amekaa kwenye mashine ya katikati, karibu kabisa na kioo. Nilisema yale niliyotayarisha. Alisikiliza bila kunigeukia, halafu akasema:

"Mbele ya kupanda ndege, mutoto wangu alikamata mukono yangu hivi, akaweka kidole yangu pa ile ya buluu. Akaniambia, papa, ukibonyeza hapa utaniona. Miye sikujua kama iko ingine. Na sikutaka kujua." Kisha akasema, "Sasa niache nisome."

Yaya alianza biashara baada ya Noeli. Alikwenda Sakania, mpakani, akawa ananunua unga wa mahindi, sabuni na mafuta ya kupikia kutoka upande wa Zambia, akivipeleka mjini, mara kwa lori, mara kwa treni ya mizigo, amekaa juu ya magunia yake na wanawake wengine. Ile mikono iliyokuwa ikishika mizani ya maabara, mizani ambayo mtu hatakiwi hata kupumua karibu nayo, ilipasuka. Mwaka wa pili alipanga chumba kule. Mwaka wa tatu hakurudi tena kwa kulala, ila kwa misiba, na msiba mkubwa ulikuwa wa baba. Koti lake jeupe aliniachia. Mke niliyemwoa baadaye alilikata akafanya vitambaa vya kufutia vyombo kabla sijamzuia.

Bei ya shaba ilipanda tena, kama inavyopanda siku zote. Viwanda vilifunguliwa na wageni wengine, wenye maabara nyingine, waliotaka watu wasiozidi miaka thelathini. Saiba nayo ikafa. Simu ziliingia kila mfukoni, na watu wote niliowajua walitumia ile O nyekundu, kivinjari cha simu, kwa sababu ilikuwa haili megabaiti. Hakuna mahubiri yangu yangeshinda sababu hiyo. Patron alitoa mashine kumi, akaweka saruji na misumari. Wakati wa uchaguzi, serikali ilipokata internet, mji mzima ulikaa siku nyingi bila mlango wowote, wa buluu wala wa rangi ya moto, na nilishangaa jinsi nilivyopata usingizi mzuri siku zile.

Mwaka uliopita nilipata safari ya Sakania. Sasa naendesha hesabu za bohari ya patron, na lori letu moja lilikuwa limekwama mpakani. Nilipita kwa yaya. Ana ghala lake, lenye bati jipya, na wanawake wadogo wa biashara wanakuja kumwuliza bei kabla ya kununua kwingine. Amenenepa. Alinipokea vizuri sana, akanipa kiti chenye mto, akapika kuku.

Tulipokuwa tukila, simu yake ililia. Siku hizi watu wa forodha wanataka tamko la mizigo lijazwe kwenye internet, na ukurasa ulikuwa umekataa kwenda. Alibonyeza mara mbili, tatu, akasogeza simu mbali na macho. Nikanyoosha mkono.

"Leta, yaya, nione."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo ninalobaki nalo. Kulikuwa na ule upole ambao mtu humpa mgeni wa heshima.

"Kula, bukari inapoa," alisema.

Akasimama, akavuka barabara na simu mkononi hadi kwa msichana anayeuza vocha chini ya mwavuli. Niliwaona wameinama pamoja, kichwa kwa kichwa, msichana akionyesha kwa kidole, yaya akitikisa kichwa kukubali. Walimaliza upesi. Akarudi, akaketi, akaniuliza habari za mke wangu na watoto, mmoja mmoja, akisubiri jibu la kila mmoja.

Asubuhi lori letu lilipoachiwa, alinitumia gunia moja la unga nyumbani, akataka lifungwe vizuri lisilowe. Dereva alilipandisha. Nilimwambia yaya asante, naye akasema ni kidogo.